Kitako cha Karai

Makongeni
Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Mwalimu Mutheu, mke wa mwanangu,

Masanduku kumi ya bati kwa wiki moja, kwa mikono hii miwili, bila kibarua, bila hata mtu wa kunishikia msumari. Andika hilo kwenye daftari lako kabla ya kitu kingine chochote. Makongeni nzima hakuna fundi mwingine wa miaka sabini na mbili anayeweza kusema hivyo bila kukohoa.

Sawa, si kumi. Ni tisa na nusu. La kumi alinishikia kifuniko Ayanle wa dukani, na huyo alishika kwa vidole viwili tu kwa sababu vingine vilikuwa kwenye simu. Basi tisa na nusu, na usiniulize tena.

Ulitaka gharama za wiki tatu ambazo zina risiti. Wiki ya kwanza ndiyo hiyo ya masanduku kumi, peke yangu, kila moja lilinigharimu shilingi elfu moja. Wiki ya pili nilimchukua Kyule, yule fundi kijana wa Mukuru kwa Reuben, na kibarua mmoja. Tukatoa ishirini, elfu moja kila moja vilevile. Wiki ya tatu mumeo alikuwa hajapanda ndege ya Doha, akanijia kifua mbele: "Baba, tujaze soko!" Tukachukua vibarua sita, tukatoa hamsini. Wale watu walikata bati kama wanakata ugali. Kila sanduku likafika elfu moja na mia tatu.

Sasa Koki, yule mama wa duka la vifaa vya shule, anataka masanduku mia moja na ishirini kabla shule hazijafunguliwa Januari. Analipa elfu moja na hamsini kila moja, na hapandi hata ukilia. Na mumeo ameshasema neno lake: hii kazi ikila hasara, mashine ya kukunja bati inauzwa, karakana inafungwa, mimi narudi Webuye kuhesabu kuku. Mimi sina ugomvi na kuku. Lakini miaka arobaini nimeamka na kelele za Jogoo Road, kule nitaugua kwa ule ukimya.

Kuhusu simu, acha kunipigia. Kwetu baba mkwe na mke wa mtoto hawapeani mkono wala hawakai kiti kimoja. Sasa sauti yako ndani ya sikio langu, si hiyo ni karibu kuliko kiti? Andika, umpe Ayanle. Ayanle atasoma kwanza, ndiyo, lakini atanifikishia.

Hiyo hesabu yako ya kwadratiki sijawahi kukutana nayo, niliachia darasa la sita. Ikikosea, utanipikia chai kwa mkono wako, kikombe kimoja, ya maziwa. Ikiwa kweli, nitakutengenezea sanduku lenye jina lako. Dau ni hilo.

Patrobas Nabiswa,
Fundi


Buruburu
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Baba,

Shikamoo. Nakaa umbali wa dakika ishirini kutoka kwako na tunaandikiana kama watu wa Mombasa na Kisumu. Sawa. Mwanao Mulongo aliniambia nisibishane nawe kuhusu mila, nami sibishani. Nasema tu kwamba nimechoka.

Hesabu ni hii, nami nitaieleza polepole, maana Ayanle pia anasoma.

Ukitengeneza masanduku machache, kodi ya kibanda na umeme vinabebwa na hayo machache, kila moja linalemewa. Ukitengeneza mengi mno, unaleta watu wasiojua bati, wanaharibu, na gharama inapanda tena. Ukichora mstari wake, unashuka, unafika chini, halafu unapanda. Ni umbo la karai. Kwadratiki, Baba, ni hesabu ya karai, na kazi yangu ni kutafuta kitako chake, mahali ambapo sanduku moja linagharimu kidogo kabisa.

Karai lina pande mbili zinazofanana. Umesema masanduku kumi na masanduku ishirini gharama ni ileile, elfu moja. Basi kitako kiko katikati yao: kumi na tano. Ile wiki ya masanduku hamsini inanionyesha karai lina kina gani. Ukiita masanduku ya wiki m, gharama ya moja ni robo ya m mara m, toa saba na nusu mara m, ongeza 1,050. Weka kumi na tano mahali pa m, unapata 994 kasoro senti chache.

Kumi na tano kwa wiki, wiki nane, mia moja na ishirini. Tunamaliza Desemba ikiisha. Faida si kubwa lakini ni faida, na hakuna atakayehesabu kuku.

Nimempa Ayanle shilingi elfu kumi na tano za wiki ya kwanza. Tafadhali weka risiti zote. Zote, Baba.

Dau nimekubali. Sanduku langu lipake rangi ya buluu.

Mutheu


Makongeni
Jumatano, 29 Oktoba 2025

Mwalimu,

Kumi na tano! Umesoma miaka kumi na sita, baba yako Mativo amechonga vifaru na twiga mpaka mgongo ukapinda akilipa karo, halafu unaniambia kumi na tano? Ayanle alicheka mpaka akampa mteja chenji ya watu wawili.

Sisi tuliofanya kazi reli tulijua kitu kimoja: ukiwasha injini, vuta mabehewa mengi. Kwa nini nipashe mashine moto kwa ajili ya masanduku kumi na tano? Ni kama kuchinja ng'ombe ule ulimi.

Lakini nimesoma ile habari ya karai mara tatu, na ya tatu nikaenda kutazama karai langu la kuogea. Lina kitako kweli. Sina la kusema kwa karai.

Nitaanza Jumatatu. Usinitafutie msaidizi. Kama nilitoa kumi peke yangu, kumi na tano nitamaliza Ijumaa saa sita niende nikakae juani.

P. Nabiswa


Buruburu
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Baba,

Wiki imekwisha. Nimeandika Jumanne, nimeandika Alhamisi, umenyamaza. Wanafunzi wangu wanaosimamiwa mtihani wana maneno kuliko wewe.

Leo nimepita kwa Ayanle. Nikamuuliza, "Mzee yuko vipi?" Akasema, "Yuko. Masanduku kumi na tano yamekwisha, mazuri." Nikafurahi. Halafu akajikuna shingo: "Lakini mwalimu, alinikopa elfu moja mia nane sabini na tano. Alisema utalipa."

Nilikuachia elfu kumi na tano. Ukiongeza za Ayanle, umetumia 16,875. Gawanya kwa kumi na tano, kila sanduku 1,125. Koki analipa 1,050. Tumemzawadia Koki shilingi sabini na tano kwa kila sanduku, na hatumjui hata jina la mama yake!

Nimejumlisha risiti mara nne: bati, riveti, kufuli, rangi, kodi, umeme. Zinafika 13,875. Elfu tatu hazina karatasi.

Na jambo lingine, ambalo sikutaka kuandika. Mwandiko wako, Baba. Barua ya kwanza ilikuwa imepinda kidogo. Ya pili herufi zinatambaa. Nina miaka kumi na mmoja nikisahihisha madaftari, najua mkono uliotulia na mkono usiotulia. Umerudia pombe ya chang'aa? Mulongo alinihakikishia uliacha.

Jumatatu hakuna pesa mpaka nijibiwe. Mulongo atapiga simu Jumapili ya wiki ijayo, tarehe kumi na sita. Ataniuliza, nami sitamdanganya mume wangu.

Mutheu


Makongeni
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mwalimu,

Umenishika. Ndiyo, ni chang'aa. Elfu tatu zote, na utamu wake bado uko kooni. Mwambie Mulongo baba yake ni mlevi. Atakasirika siku mbili atasahau, mlevi husamehewa.

Lakini mwambie pia kwamba masanduku yalitoka, yote kumi na tano, na hakuna hata moja linalovuja mvua. Mlevi anayefanya kazi hafungiwi karakana.

Kalamu hii ni mbovu. Meza nayo ni boksi la sabuni.

P.N.


Buruburu
Alhamisi, 13 Novemba 2025

Baba,

Ulikiri haraka mno. Wewe, ambaye ulibishana nami mwezi mzima kuhusu nani alikalia miwani yako, ukubali ulevi kwa mistari sita?

Jana nilimpigia shangazi Nafula, dada yako, huko Webuye. Nilimuuliza kama ni kweli mila yenu inakataza baba mkwe kuzungumza kwa simu na mke wa mtoto. Alicheka nikalazimika kuiweka simu mbali na sikio.

"Nani kakwambia? Patrobas? Hatupeani mkono, hiyo ni kweli. Kuzungumza tunazungumza! Mke wa mwanangu anampigia baba yake mkwe simu kila siku kumuuliza kama amekula!"

Basi wiki hizi zote nimekuwa nikitembea na barua mfukoni kama tarishi kwa sababu ya mila uliyoishona mwenyewe. Nilikasirika, Baba, sitaficha. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Halafu nikakaa na zile namba, kwa sababu namba hazijawahi kunitungia mila. Nikajiuliza: kama elfu tatu hizo si pombe bali ni gharama? Nikaitupa wiki yako ya masanduku kumi, nikachukua wiki tatu nyingine: kumi na tano kwa 1,125, ishirini kwa 1,000, hamsini kwa 1,300. Nikatafuta karai linalopita mahali pote patatu. Likatoka safi, bila robo wala nusu: m mara m, toa sitini mara m, ongeza 1,800. Mimi ni mwalimu, hesabu ikitoka safi namna hiyo nasimama.

Nikaliuliza karai hilo: wiki ya masanduku kumi, gharama ilikuwa ngapi? Likajibu 1,300. Wewe uliniandikia 1,000. Pungufu ni mia tatu kwa kila sanduku. Mara kumi.

Elfu tatu, Baba. Tena.

Hakuna mlevi anayekunywa elfu tatu kamili wiki moja na elfu tatu kamili wiki nyingine. Lakini kuna mtu anayelipwa mia tano kwa siku, siku sita. Katika risiti zako za wiki ya masanduku ishirini yumo, kwa jina na sahihi. Anaitwa Kyule.

Kwa hivyo nauliza mara moja, na Ayanle akisoma hapa naomba afunge barua: yale masanduku kumi, wewe ulitengeneza mangapi?

Mutheu


Makongeni
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mutheu,

Hakuna.

Tisa na nusu ilikuwa mzaha, lakini kumi ilikuwa uongo, na nilidhani mzaha ungeufunika. Nilikuwa sijui kwamba kuna hesabu inayoweza kuchungulia wiki iliyopita na kuhesabu watu waliokuwemo ndani. Mngetuambia hilo darasa la sita ningebaki shuleni, au ningetoroka mapema zaidi.

Mkono wa kulia ulianza kutetemeka Machi. Nikasema ni baridi. Juni ukamwambia wa kushoto. Riveti ni kitu kidogo, wajua, kama punje ya hindi. Ukiiangusha mara moja unacheka. Ukiiangusha mara ya saba, na Kyule ameinama anaiokota tena, huchekeshwi na kitu chochote siku hiyo.

Mumeo aliniambia kabla hajasafiri, "Baba, siku huwezi kushika nyundo, tufunge." Alisema kwa upendo, na ndiyo sababu sikuweza kumtukana. Nikamwambia nitamwonyesha. Nikamweka Kyule nyuma ya pazia la gunia afanye kazi, mimi nikakaa mlangoni na kipande cha bati tupu nikikigonga, ili majirani wasikie nyundo mbili. Wiki ile ya masanduku kumi nilimlipa kwa pensheni yangu. Hii ya juzi pensheni ilikuwa haijaingia, nikachukua za kwako na za Ayanle.

Mila niliitunga, ndiyo. Ungenisikia kwa simu ungesema, "Baba, njoo ule Jumapili." Unapika vizuri, Mulongo amenenepa ovyo. Ningekuja. Ungeniona na kijiko. Kwenye barua, kalamu inaweza kulaumiwa.

Nilipendelea uniite mlevi. Mlevi anaweza kuacha.

Sasa fanya unavyotaka. Lakini hilo karai jipya, hukuniambia kitako chake kiko wapi. Hata kama nafungasha, nataka kujua.

Patrobas


Buruburu
Jumatatu, 17 Novemba 2025

Baba,

Kitako kiko kwenye thelathini. Kumi na hamsini zote ni 1,300, gawanya umbali katikati mwenyewe. Masanduku thelathini kwa wiki, kila moja shilingi mia tisa. Mia tisa! Tumepoteza wiki mbili na sabini na tano kwa kila sanduku kwa sababu hukutaka kuandika neno moja, Kyule. Nimekasirika bado. Nitakasirika mpaka Ijumaa, nimejipangia.

Jana Mulongo alipiga. Ukitaka kujua, ilikuwa hivi.

"Masanduku yanaendaje?"

"Tulianza vibaya. Nilikuwa na namba isiyo sahihi. Sasa nimeirekebisha."

"Gharama ngapi?"

"Mia tisa."

"Mia tisa? Mzee amekubali?"

"Yeye ndiye aliyenipa namba."

"Na yuko sawa?"

"Ana ubishi."

"Basi yuko sawa."

Kuhusu mikono hakuuliza. Nilisema sitamdanganya na sikumdanganya. Akiuliza nitamjibu, kwa hivyo mwambie wewe kabla hajauliza. Una mpaka Krismasi.

Yamebaki masanduku mia moja na tano, ni wiki tatu na nusu. Kyule anatoka nyuma ya gunia leo. Mshahara wake unaandikwa, na wa kibarua mmoja unaandikwa, pamoja na chai yao. Wewe unakaa mbele yao na kuwaambia wakate wapi. Kyule mwenyewe amekiri kwa Ayanle kwamba wewe hupata masanduku matatu kwenye bati ambalo yeye hupata mawili na mabaki ya kutupa. Kwa nini hukuniandikia hilo badala ya kujisifu nyundo? Hilo ndilo linaloshusha karai.

Na acha kugonga bati tupu. Bati ni pesa.

Alhamisi saa tatu unakwenda kliniki. Ayanle atafunga duka akusindikize, nimeshamwomba, amesema ndiyo. Usimtungie mila yoyote.

Mutheu


Makongeni
Jumapili, 14 Desemba 2025

Mwalimu,

Alhamisi jioni Koki alichukua la mwisho. Aligonga kila sanduku kwa pete yake, akafungua kila kufuli, akatafuta kosa mpaka jasho likamtoka, akakosa, akalipa. Kyule amejumlisha: kila moja mia tisa na nne. Nikamwambia zile nne ni zangu, nilikuwa nikiwapigia kelele ya bure. Ayanle amelipwa deni lake, na bado anasema nilimcheleweshea.

Kliniki nilienda. Yule daktari ni mtoto mdogo, ningeweza kumbeba mgongoni, lakini alinishika mikono yote miwili akaitazama muda mrefu bila haraka. Amenipa vidonge. Akasema vitatuliza, havitarudisha mkono wa zamani. Angalau hakunidanganya.

Mulongo nilimpigia jana, mimi mwenyewe, kwa simu. Nilimwambia yote: gunia, bati tupu, chang'aa ambayo sikunywa. Halafu akasema, "Na mia tisa ni kweli?" Nikamwambia ni kweli, ni mia tisa na nne. Akasema mashine haiuzwi. Akasema na Kyule aongezwe. Kwa hivyo sasa ninamfundisha mtu kukata bati, naye hasikii, ana masikio ya kupamba kichwa tu, na kila siku namtukana mpaka saa kumi na moja. Nimelala vizuri.

Sanduku lako la buluu liko hapa. Jina limeandikwa na Kyule. Mimi nilimwelekeza, ndiyo sababu herufi zimekaa sawa.

Lakini usidhani limemaliza habari. Uliandika kwa mkono wako, tarehe 26 Oktoba, kwamba kitako ni kumi na tano. Kilikuwa thelathini. Najua utasema nilikudanganya. Nilikudanganya, ndiyo, lakini wewe ulikosea, na dau letu halikusema kitu kuhusu uongo. Nilikwambia: ikikosea, chai. Imekosea. Ayanle ni shahidi, barua zote amezisoma.

Basi lete chai yangu. Usimpe Ayanle, atainywa njiani. Njoo nayo mwenyewe Jumamosi. Mkono hatutapeana, hiyo ndiyo mila ya kweli, muulize dada yangu. Utaiweka juu ya sanduku la buluu, utarudi nyuma hatua mbili, utakaa kwenye kile kiti kingine, na utaniuliza nimekula nini.

Na kikombe, Mutheu, usikijaze. Kiishie nusu.

Baba yako,
Patrobas Nabiswa